Sanduku Letu la Kufuli Tatu

(Haya ni maneno niliyoyasema siku ya kuvunja mzunguko, yaani kugawana akiba, katika kikundi chetu cha hisa, hapa Tandika, Dar es Salaam. Wanachama waliniomba niyaandike. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, pamoja na pale walipoitikia.)

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Na nisiowagusa kwa salamu hizo, habari za mchana.

Mheshimiwa mwenyekiti wa mtaa, tunashukuru kwa kuacha shughuli zako ukaja kukaa nasi chini ya turubai na joto hili la Desemba. Mama mwenyekiti wa kikundi, mtunza kumbukumbu wetu, wahesabu fedha, wanachama wenzangu, mashemeji zetu, wanangu na wajukuu zangu, karibuni sana.

Nimeombwa nizungumzie miaka 13 niliyokuwa mtunza sanduku wa kikundi hiki. Nitaizungumzia. Ila naomba kwanza mlitazame sanduku lenyewe, hili hapa mezani, maana wengine hamjaliona tangu mwaka juzi na watoto wengine hapa hawajaliona kabisa. Ni bati zito lililopakwa rangi ya bluu. Urefu wake ni dhiraa moja, kutoka kwenye kiwiko changu hadi ncha ya kidole cha kati. Nimelipima mara nyingi. Mshikio wa kushoto ni ule wa mwanzo. Wa kulia ulikatika, ukachomelewa mwingine kule mtaani Gerezani. Kwa mbele lina komeo tatu, na chini ya kila komeo rangi imelika kwa kugongwagongwa na kufuli hadi bati limeng'aa kama sarafu. Pale palipong'aa ndipo ninapopapenda kuliko kwingine kote. Pale ndipo Jumamosi zetu za vikao zilipo.

Tulipohamishia fedha kwenye simu, sanduku likabaki chini ya kitanda changu. Kwenye kikao cha mwezi uliopita likaja swali la nini kifanyike nalo. Mmoja wetu akasema liuzwe kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Mwingine akaomba apewe awekee sare za wanawe. Hakuna aliyekosea, mali ni ya kikundi. Mimi niliomba siku moja tu, siku ya leo, niseme yaliyo moyoni kabla hamjaamua.

Mimi napenda masanduku. Napenda tangu sijajua kusoma. Nikiingia nyumba ya mtu, macho yangu hupanda juu ya kabati, kule yanakopangwa masanduku na mabegi, na moyo huanza kuuliza mle mna nini, na nani anajua. Sitamani mali za watu, Mungu ananijua. Natamani habari zake. Mtu akichukua kitu akakikunja, akakiweka ndani, akafunga, huwa ameshaamua kwamba kile hakipotezi. Basi mimi hutaka kujua kwa nini hakutaka kukipoteza.

Tazameni tulivyo na majina mengi ya kitu hiki kimoja. Sanduku tumelipata kwa Waarabu. Kasha ni la Wareno, kama ilivyo meza, kama ilivyo bendera. Wareno walitolewa Fort Jesus kule Mombasa mwaka 1698, wakaenda zao, na neno lao likabaki kwenye vyumba vya kulala vya bibi zetu. Boksi limekuja na Waingereza, na tranka vilevile. Kisha kuna bweta la kuwekea vidani na barua, na kijaluba cha tambuu kinachoenea kiganjani. Bahari yetu hii imeleta watu wengi, na inaonekana kila aliyeshuka chomboni alishuka na sanduku lake.

La kwanza kulipenda lilikuwa la bibi yangu mzaa mama. Alikaa Ilala, kwenye nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati, uani nyuma. Chumba chake kilikuwa cha kwanza kushoto. Humo kulikuwa na kitanda cha besera, mtungi, na kasha la njumu. Lilikuwa la mti wa msaji, na misumari ya shaba imepangwa usoni kwake kama maua. Msaji ni mti wa Bara Hindi; makasha ya namna ile ama yalitengenezwa huko, ama yalitengenezwa pwani hii kwa mbao zilizoletwa na majahazi wakati wa kaskazi. Hili la bibi lilitoka Unguja pamoja na bibi mwenyewe, alipoletwa huku kwa mume.

Ufunguo aliufunga kwenye pindo la kanga. Akikaa chini kulifungua, sisi wajukuu tulisogea bila kuitwa. Kifuniko kilikuwa na sauti yake, ile sauti ya mzee anayejiinua kutoka mkekani. Kisha inakuja harufu: udi, karafuu, na kanga ambazo hazijawahi kuguswa na maji. Nimepita maduka mengi ya manukato Kariakoo katika umri huu wangu, na sijaikuta harufu ile.

Ndani, upande wa kushoto juu, mlikuwa na kijisanduku kingine chenye kifuniko chake, kasha ndani ya kasha. Humo bibi aliweka kadi yake ya TANU. Chama kilizaliwa hapa hapa Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954, na mwaka uliofuata Bibi Titi Mohamed akaanza kupita kwenye vikundi vya ngoma vya wanawake akiwaingiza chamani. Bibi yangu alikuwa mchezaji wa lelemama. Alituambia walivyokusanyika uani kwa mtu, walivyoambiwa kwamba hawa wanaoitwa wanyonge ndio wenye nchi, na alivyotoa senti zake za mboga akapewa kadi. Kila alipoitoa ile kadi alituhadithia upya, na kila mara palikuwa na jambo dogo jipya: mara hii mvua ilinyesha, mara ile shoga yake alilia. Mimi niliyezaliwa mwaka 1963, baada ya bendera kupanda, nikawa naijua siku ile ya uani kama niliyekuwepo.

Mle kijisandukuni kulikuwa na kitu kingine. Uzi mweusi wa pamba, urefu wa shubiri mbili hivi, wenye mafundo saba. Bibi akifika kwenye uzi ule aliusogeza kwa kidole, akachukua alichokuwa anakitafuta, akafunga. Hakusema neno, nasi hatukuuliza. Mtoto wa wakati ule hakumuuliza mkubwa kile ambacho mkubwa hakukisema.

Bibi alifariki mwaka 1986. Baada ya arobaini, mama zetu na wajomba wakakaa uani wakagawana. Kanga wakapata mabinti. Vidani vikaenda kwa wakubwa. Kasha lenyewe alikuja mtu wa mjini, mnunuzi wa vitu vya kale vya kuwauzia watalii, akatoa bei, na kwa kuwa wanaogawana walikuwa wengi na kasha ni moja, wakaliuza. Sikuwalaumu siku ile, siwalaumu leo. Palikuwa na deni la hospitali. Nilisimama mlangoni nikaliona likipandishwa kwenye pikapu, limefunikwa gunia.

Ule uzi niliuokota mimi chini ya kitanda, ulidondoka wakati wa kumimina. Nikamuuliza mama mkubwa. Akasema labda ni watoto saba. Bibi alizaa watano. Mama akasema labda na waliofia tumboni. Mjomba akasema ni tasbihi ya siku za ugonjwa wa babu. Shangazi mmoja akasema ni hesabu ya deni. Nimezunguka na swali lile kwa watu wote waliomjua bibi hadi wakaisha. Kasha lilitunza uzi vizuri kabisa, miaka na miaka, bila nondo wala unyevu. Maneno ya uzi ndiyo hayakuwa na mtu wa kuyatunza.

Jambo hilo liliniingia, na ndilo lililonifanya niyatazame masanduku mengine yote kwa jicho tofauti, kuanzia tranka la nyumbani kwetu.

Baba alinunuliwa tranka mwaka 1951, alipochaguliwa kwenda shule ya bweni huko bara. Babu alilinunua kwa fundi wa bati Kariakoo, na baba alisafiri nalo kwa garimoshi la Reli ya Kati. Alikuwa akituambia kwamba usiku kucha hakulala, alikaa juu yake, maana hakuwa na kitu kingine duniani. Kaka yangu akalirithi alipoingia sekondari. Mwaka 1978 likawa langu, mwaka 2003 likawa la binti yangu. Kila mmoja wetu alipolipokea alilipaka rangi yake na kuandika jina lake kwa rangi nyeupe, na chini ya jina S.L.P. ya ofisi ambako mzazi alipata barua.

(Naomba hapa nikae kidogo, kwa ajili ya watoto. Jiji letu lilikua bila postamani wa kugonga mlango. Barua zote zililala kwenye vijisanduku vya pale Posta, na wachache sana walikuwa na chao. Wengi tuliazima anwani: ya kazini kwa baba, ya shule, ya parokia, ya msikiti, ya mjomba mwenye duka. Barua ya mchumba ilipita mikono minne kabla haijakufikia, na wote wanne walijua mwandiko. Leo tuna vibao vya mitaa na namba za nyumba, vile vya kazi ya anwani za makazi ya mwaka 2022, na ni vizuri. Ila mtu wa umri wangu akiandika barua rasmi, mkono wenyewe unaandika S.L.P. kabla hajafikiri.)

Turudi kwenye tranka. Mjukuu wangu wa kwanza alipopata nafasi ya bweni, nikasema tranka lipo. Rangi ilikuwa imevimba na kumenyeka. Nikanunua msasa, nikaketi nalo uani asubuhi, nikaanza kusugua kifuniko. Ya juu ilikuwa rangi ya damu ya mzee, ya binti yangu. Chini yake ikatokea bluu, yangu. Nikaendelea taratibu. Chini ya bluu nyeusi, ya kaka. Na chini kabisa, karibu na bati, kijani cha kukolea. Vumbi lake lilinijaa mapajani, rangi nne zimechanganyika. Kisha nikaona kitu ambacho sikukitegemea. Majina yetu yaliandikwa mahali pamoja, kila mmoja juu ya mwenzake, kwa kuwa kila mmoja aliona pale katikati ndipo pa kuandikia. Mguu wa herufi ya binti yangu ulikuwa umesimama juu ya herufi yangu. Chini ya yangu, mkia wa herufi ya kaka. Na kwenye kijani, kwa mwandiko ule wa kalamu ya wino wa zamani, wenye mikunjo, nusu ya jina la baba. Baba alikuwa amefariki miaka tisa. Nikaweka msasa chini.

Mjukuu alipotoka shule akanikuta bado nimekaa. Nikamwonyesha, nikamwambia nani ni nani, na garimoshi, na usiku ule wa kutolala. Akaniambia, "Bibi, usisugue tena hapo." Basi fundi alipaka tranka zima upya akaacha kipande cha ukubwa wa kiganja, akakipitishia vanishi. Mtoto ameenda nalo shuleni hivyo hivyo, na jina lake ameliandika pembeni.

Ndani ya kifuniko cha tranka hilo kuna picha ya gazeti. Kaka aliibandika mwaka 1974, mwezi wa pili, baada ya Filbert Bayi kukimbia mita 1,500 kule Christchurch, New Zealand, kwa dakika 3 na sekunde 32.2 na kuvunja rekodi ya dunia. Gundi hakuwa nayo, alibandika kwa uji. Na kwa kuwa ni uji, mende wameila ile picha pembezoni miaka hamsini, wamefika magotini mwa Bayi wakaishia hapo. Uso uko salama. Kaka hakukosa kuhadithia: jinsi Bayi alivyoongoza tangu mwanzo, jinsi wenzake walivyongoja achoke, jinsi hakuchoka. Watoto wangu wamemjua Bayi kwa kifuniko cha tranka kabla hawajamsikia popote. Mjukuu anamjua. Karatasi iliyobandikwa kwa uji imedumu kwenye vichwa vya vizazi vitatu kwa sababu kila kifuniko kilipoinuliwa palikuwa na mtu wa kusema, "Huyu, mnamjua huyu?"

Ya makontena sitayasema sana, ingawa sisi watu wa Temeke tunaishi nayo: malori usiku, bandari haiko mbali. Ni sanduku nalo. Safari inayotajwa sana ya namna hii ya kupakia ilikuwa tarehe 26 Aprili 1956, meli ya Ideal X ilipobeba makasha 58 kutoka Newark hadi Houston huko Marekani, kwa akili ya mwenye malori mmoja aitwaye Malcom McLean. Kontena halikusudiwi kukumbuka chochote. Hushusha hiki, hupakia kile. Lakini tazameni linapozeeka likatua mtaani kwetu, likakatwa dirisha, likawa saluni, likawa duka la nafaka. Jua likilipiga miaka miwili mitatu, herufi za zamani huanza kutokea chini ya rangi mpya. Mimi husimama kuzisoma.

Sasa nije kwenye sanduku letu hili.

Mtindo huu wa vikundi vya hisa ulianza Niger, eneo la Maradi, mwaka 1991, kwa shirika la CARE pamoja na wanawake wa huko. Waliuita kwa Kihausa Mata Masu Dubara, yaani wanawake wenye maarifa. Umefika kwetu na kanuni zake, na nyingi mnazijua: watu wasiozidi 25, hisa moja hadi tano kwa kila kikao, muhuri kwenye kitabu cha mwanachama kwa kila hisa, mfuko wa jamii kwa ajili ya misiba na ugonjwa, na mwisho wa mzunguko tunavunja na kugawana kama leo. Sanduku lina kufuli tatu. Funguo ziko kwa watu watatu wa nyumba tatu. Mtunza sanduku hana ufunguo hata mmoja. Miaka 13 nimelala juu ya sanduku nisiloweza kulifungua.

Kanuni ninayotaka kuizungumzia ni ile ya kufunga. Wageni wetu hamuijui. Fedha zikishahesabiwa na kurudishwa ndani, kabla ya kufuli ya kwanza, mtunza kumbukumbu anataja kwa sauti kiasi kilichomo. Wote tunakirudia. Anataja mfuko wa jamii, tunarudia. Kisha ndipo linafungwa, na kila mtu anakwenda nyumbani na namba kichwani. Jumamosi inayofuata, kabla sanduku halijafunguliwa, tunaulizwa: mlikuwa na shilingi ngapi? Tunajibu. Ndipo kufuli zinatoka, fedha zinahesabiwa mbele ya wote, na kinachopatikana lazima kilingane na tulichokisema.

Nilipoona jambo hili mara ya kwanza, mwaka 2010, nililia, na wachache waliniona wakadhani nina msiba. Nilikuwa namkumbuka bibi. Nilijiambia, laiti tungekaa uani kila alipofungua kasha, akasema kilichomo kwa sauti, nasi tukarudia.

Mnakumbuka mvua za Desemba 2011, zilizofurika bonde la Msimbazi, zile zilizofanya wenzetu wa Jangwani wahamishiwe Mabwepande. Kwangu maji yaliingia usiku. Ilikuwa wiki moja kabla ya kuvunja, mikopo yote imerudi, sanduku limejaa kuliko siku yoyote ya mwaka: milioni sita na laki tatu. Mume wangu alibeba watoto. Mimi nilijitwika sanduku. Nilipita kwenye maji ya magoti, gizani, mkono mmoja juu, mwingine ukutani, nikienda kwa mwanachama wetu Namba Saba ambaye nyumba yake iko juu. Njia nzima nilikuwa naitaja ile namba. Milioni sita na laki tatu. Milioni sita na laki tatu. Niliona nikiacha kuitaja, sanduku litateleza.

Jumamosi mliketi kwa mpangilio wenu, namba moja hadi ishirini na mbili, nguo za wengine zina tope. Mkaulizwa, mkajibu kwa sauti moja. Kufuli zikatoka. Maji yalikuwa yameingia kidogo, noti za chini zimelowa. Namba Moja akafunga kamba chumbani kwake, tukazianika noti kwa vibanio vya nguo, moja moja, kati ya kanga zake mbili, feni inapuliza. Tukazihesabu zikiwa kambani. Zililingana.

Simu siilaumu. Naomba mnielewe vizuri. Tangu tuhamie huko nalala usingizi, hasa mwezi wa kumi na mbili. Wenzetu wa vikundi vingine wamevunjiwa nyumba kwa ajili ya sanduku. Hakuna kumbukumbu inayostahili damu ya mtu. Fedha zikae huko huko. Ila siku hizi kikao kikiisha ujumbe unaingia, kila mtu anatazama kioo chake, na namba hatuisemi tena. Wiki tatu zilizopita niliwauliza wanachama wanne tuna kiasi gani. Wote wanne walifungua simu.

Huenda mnadhani sanduku hili liko tupu. Si kweli kabisa. Tulipotoa fedha zote na vitabu, kilibaki kitabu kimoja, na sikukitoa. Ni cha Namba Nne. Wapya hamkumjua. Alikuwa anauza vitumbua pale kituoni, na hakukosa kikao hata siku aliyokuwa na homa. Alinunua hisa moja moja. Katika kitabu chake muhuri ni mmoja kila Jumamosi, ukurasa hadi ukurasa, isipokuwa wiki moja mwezi wa nne ambapo kuna mihuri mitano. Watoto wake walipokea mgao wake wote, mfuko wa jamii ulitoa haki yake, lakini kitabu kilibaki, na kiti chake namba nne hatukumpa mtu. Binti yake yuko hapa leo, yule pale mwenye gauni la kijani. Mwanangu, ile Jumamosi ya mihuri mitano mimi najua ni nini. Mama yako alisimama mbele yetu akasema, "Leo mwanangu amefaulu." Nataka ulisikie hilo kabla sijalisahau na mimi.

Basi ombi langu ni hili. Tusiliuze, wala tusiligeuze la nguo. Kila mwanachama alete kitu kimoja kidogo, kisicho na bei, na akitie humu mbele yetu. Lakini asikitie kimya. Aseme ni nini, kilitoka wapi, kwa nini hakukitupa. Sisi turudie, kama tulivyorudia fedha. Kisha tulifunge kwa kufuli zote tatu, na kila siku ya kuvunja, watoto wakiwepo kama walivyo leo, tuulizwe kilichomo kabla halijafunguliwa.

Mimi nimekuja na changu. Ni uzi mweusi wenye mafundo saba. Maana yake sitaweza kuwaambia. Nitawaambia ulikotoka: Ilala, chumba cha kwanza kushoto, kwenye kijisanduku cha upande wa kushoto cha kasha la njumu la mwanamke aliyetoa senti za mboga akapewa kadi. Na binti wa Namba Nne, kitabu cha mama yako ni chako. Ukitaka kwenda nacho leo, nenda nacho. Ukitaka kikae humu, kitakaa.

Mama mwenyekiti ameniashiria kwamba wanachama wamekubali. Nawashukuru sana. Tuanze basi, kwa kanuni yetu ileile.

Wanachama, mara ya mwisho tulipolifunga sanduku hili likiwa na fedha, mlikuwa na shilingi ngapi?

(Wanachama: Milioni moja, laki mbili na elfu arobaini na tano!)

Mfuko wa jamii?

(Wanachama: Elfu themanini na sita na mia tano!)

Watunza funguo, Namba Mbili, Namba Tisa, Namba Kumi na Saba, njooni mezani.